Vigingi vya Hirizi Mlangoni pa Kanisa

Wadogo zangu wa darasa la kwanza, mimi nimestaafu. Nina miaka kumi na sita. Ndevu zangu ni tatu, na mojawapo naishuku kuwa ni masizi. Lakini mtu akishika kazi moja miaka mitatu, juani na mvuani, akaiacha kwa hiari yake, huyo amestaafu, na mstaafu ana haki ya kuwachosha wadogo kwa maneno. Kaeni basi. Anayesinzia nitamwona, maana kuona ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa mlango wa kanisa letu hapa, njia ya kutoka Kharumwa kwenda machimboni. Mnaona vile vigingi kumi na viwili vilivyopigwa ukutani nje, mkono wa kulia? Mnadhani vilipigwa kwa ajili ya kofia. Zamani watu waliingia na fimbo zao mpaka ndani. Kisha Jumapili moja wafuasi wa ngoma mbili zinazoshindana walikaa benchi moja, mmoja akamkanyaga mwenzake kwenye amri ya tano, na kabla ya kufika ya sita fimbo zilikuwa zinalia vichwani. Mwalimu Yohana, mwalimu wetu wa dini na wa shule pia, akaamuru: fimbo, mikuki na marungu vibaki nje, na mtu mmoja avilinde. Akanichagua mimi. Alisema nina macho ya kunguru. Sikuuliza kama ni sifa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo Mwalimu hakuliamuru. Jumapili ya tatu hivi, mzee mmoja alinipa fimbo yake, akakohoa, akatazama nyuma, akaniwekea mkononi kitu kidogo kilichofungwa kwa ngozi ya pimbi. Hirizi; kwetu twaiita lupigu. Akasema kwa sauti ya chini nimshikie, ndani si mahali pake, atakichukua akitoka. Jumapili iliyofuata walikuwa wawili. Kufika Kwaresima vigingi sita vilikuwa na fimbo na sita vilikuwa na hirizi, na kanisani humo walikuwa wanaimba kwamba hawana mwingine ila Yeye.

Basi hapo ndipo nilipojifunza elimu yangu yote, na nawapa bure. Anayekohoa kabla ya kukupa kitu ana kitu cha pili mfukoni. Anayekusalimia kwa jina la mtakatifu wako badala ya jina la nyumbani anataka usahau ulichokiona jana. Anayeimba kwa sauti kuliko wote, msitazame mdomo wake, tazameni kiuno. Na kamwe msimtaje mtu. Mlinzi wa mlango akisema alichopewa, wiki ijayo hapewi kitu, na watu wataingia navyo chini ya nguo. Mwalimu Yohana alijua, nina hakika alijua, lakini hakuniuliza majina hata siku moja. Hilo nalo nilikuwa nalishuku.

Mimi mwenyewe nilikaa kizingitini. Mgongo nje, sikio ndani. Mlinzi wa mlango haingii, na kwa hiyo hakaguliwi. Kumbukeni neno hilo.

Ng'ambo ya njia, juu ya jiwe bapa, kila Jumapili alikuja kukaa Karani Filipo. Huyu alikuwa mwandishi wa wafanyakazi kule machimboni: kaptula iliyopigwa pasi, viatu, kalamu mfukoni. Alibatizwa utotoni, akasoma kuliko Mwalimu wetu, kisha akaacha. Alikuwa akitangaza kwamba hakuna Mungu, kama mtu anayetangaza kwamba chumvi imekwisha dukani. Hoja yake kubwa ilikuwa shimo. Alisema yeye ameteremka kwa kamba mpaka chini kabisa ya shimo la wazungu, mahali ambapo wazee walituambia moto unawaka, na alichokuta ni maji ya baridi yaliyomfika magotini. Jehanamu hakuna. Na juu, alisema, wazungu wanaruka na ndege zao siku hizi, hakuna aliyegonga kichwa mbinguni. Basi yuko wapi?

Wenye fimbo walikuwa wakipita haraka. Mimi nilikuwa mlinzi, sikuwa na pa kupita, nikawa ndiye mwanafunzi wake. Nikamjibu kwa kisa cha asali, nacho ni kisa cha kweli, kovu lake liko hapa kwenye sikio.

Siku moja nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu Yohana kutafuta chungu chake cha asali. Nilipiga hodi mara tatu, kama mtoto mwenye adabu. Kimya. Nikatazama uvunguni, nikatazama nyuma ya ghala, nikatazama hata kwenye banda la kuku. Hayupo. Niliridhika kabisa kwamba hayupo, tena niliridhika upesi mno kwa mtu anayedai anatafuta. Nikaingiza mkono chunguni mpaka kiwiko. Ndipo sauti ikatoka juu yangu, tulivu: "Zamisha zaidi, chini ndiko kuna tamu." Mwalimu alikuwa juu ya paa, anaziba pale panapovuja, kamba ameing'ata menoni; ndiyo maana hakuitikia hodi. Alikuwa ananitazama kwenye tundu la nyasi tangu nilipoanza kupekua. Aliposhuka alinivuta sikio mpaka ukucha ukaacha kovu hili.

Nikamwambia Karani: na mimi nilishuka mpaka uvunguni sikumkuta, je, Mwalimu alikuwa hayupo? Mwenye nyumba hatafutwi ndani ya chungu. Na mwizi wa asali ndiye mtafutaji mbaya kuliko wote, maana anaomba asimpate.

Karani alicheka, akasema nina akili za kupotea bure shuleni. Lakini niliona jambo. Alikasirika kidogo kwenye pembe za macho. Nikajiuliza: mtu asiyeamini atatembeaje maili mbili na viatu vinavyombana, kila Jumapili, kuja kubishana na mtu ambaye hayupo? Mimi siamini kuna simba chooni kwetu, na sijapata kwenda huko kumtukana.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Makosa madogo nimeyaruka. Haya ni kumbukumbu, si maungamo.

Miongoni mwa wenye hirizi alikuwamo Mama Shija. Mumewe, Mabula, alikuwa mwosha mchanga machimboni. Shija wao alikufa kwa homa akiwa na miaka minne, na Mwalimu Yohana alimbatiza mkekani, saa ile ile. Tangu hapo Mama Shija alianza kuja kwenye mafundisho, akaja miaka minne bila kukosa, na sababu yake aliisema wazi mbele ya wote: anataka kwenda alikokwenda mwanawe. Pasaka ile ndiyo angebatizwa. Lakini alikuwa mjamzito tena, na mama mkwe alimpeleka kwa mfumu, mganga wa kwetu, akachinjiwa kuku, akasomwa matumbo, akafungiwa hirizi nyekundu ya kulinda mimba. Kila Jumapili alinipa bila kukohoa. Alinitazama usoni. Huyo peke yake sikumshuku, na ndiye niliyemwumiza.

Jumapili moja ya Kwaresima mahubiri yalikuwa marefu, nami mikono iliniwasha. Nikazihamisha hirizi zote sita, nikabadilisha na kamba zake ili rangi zisinisaliti. Walipotoka, kila mmoja alipokea ya mwenzake akaondoka ameridhika. Wiki nzima hirizi ya kuwazuia fisi ilikuwa kiunoni kwa Mama Shija inalinda mimba, na hirizi ya mimba ilikuwa shingoni kwa mzee mmoja wa miaka sabini anayechunga ng'ombe. Fisi hawakuja, mimba haikutoka, na mzee, namshukuru Mungu, hakuota tumbo.

Hapo ningenyamaza ningekuwa mwerevu. Nikaenda kumsimulia Karani Filipo.

Hakucheka nilivyotarajia. Alisimama kutoka kwenye lile jiwe, akapangusa kaptula. Jumapili iliyofuata, watu wanatoka, akavuka njia kwa mara ya kwanza, akasimama mbele ya vigingi, akawaambia yote. Hakutaja jina langu. Hapakuwa na haja, nilikuwa nimesimama pale mdomo wazi kama mfuko wa posta. Kisha akasema maneno ambayo bado nayasikia:

"Mtoto amewabadilishia miungu yenu na hamkujua. Na huyo mliyemwacha ndani, akibadilishwa, mtajuaje?"

Mwalimu Yohana alikuwa bado ndani anazima mishumaa. Yule mzee wa ng'ombe alitupa hirizi chini, akaiokota, akaitupa tena, akaiokota. Mama Shija alifungua ya kwake kiunoni, akaniwekea mkononi, akaenda zake bila kunitazama.

Jumapili ya pili hakuja. Ya tatu hakuja. Zikabaki wiki mbili kufika Pasaka. Mwalimu Yohana alinikunja sikio, ndilo hili, lakini kidogo tu, akanituma kwa Mama Shija nikamchotee maji na kumpasulia kuni mpaka aniambie basi. Akaongeza kwamba nisihubiri. Nimwombe radhi, nifunge mdomo.

Nilimkuta uani, tumbo kubwa, anapepeta mtama. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya mtu anayelipa ushuru. Nikaomba radhi. Akanionyesha shoka kwa kidevu. Nilipasua kuni mpaka viganja vikatoa malengelenge, yeye anapepeta, kimya, na kimya cha mwanamke aliyekosewa, wadogo zangu, ni kizito kuliko shoka.

Baadaye alisema polepole, kama anauambia ungo. Alisema hakukasirikia hirizi. Alikasirika kwa sababu maneno ya Karani yalikuwa yamemgusa penye kidonda. Kama yule wa ndani naye ni kitu cha kubadilishwa, basi Shija hayuko popote. Alimwacha chini ya udongo na maji kidogo kwenye paji la uso, basi. Siku mbili hakuweza kula.

Wakati huo Mabula alikuwa kivulini na nyundo yake ndogo na jiwe la kupondea. Alikuwa na punje mbili za kung'aa alizozipata mtoni. Nikamsogelea, maana mimi na kitu kinachong'aa ni ndugu. Akaniuliza ipi ni dhahabu. Nikaonyesha ile inayong'aa zaidi. Akacheka. Akaiweka ile niliyoichagua juu ya jiwe, akaigonga mara moja, ikawa unga mweusi unaonuka kama kiberiti. Akaweka ya pili, akagonga, ikalala ikawa bapa kama ukucha. Akagonga tena, ikapanuka tu. Akasema wageni wote huchagua kama mimi. Ile ya uongo hung'aa sana kwa sababu haina kazi nyingine.

Mama Shija aliacha kupepeta.

"Ile ya uongo umeiokota mara ngapi?" akamwuliza mumewe.

"Siku zote."

"Na kesho unakwenda?"

Mabula akamtazama kama anayeulizwa kama kesho kuna jua. Alisema bila shaka anakwenda. Kama dhahabu isingekuwapo, nani angehangaika na inayofanana nayo?

Mama Shija akatikisa kichwa taratibu. Akaweka ungo chini, akanigeukia. Haya aliniambia kwa Kisukuma, nami nawaambia kwa Kiswahili nikijua yanapungua ladha.

"Ng'wanawane, mwanangu, siku ile nilipojua, nilitaka Mabula akuvunje mkono. Angeuvunja. Jioni nikafungua mdomo nimwambie, kitu kikanikataza. Kesho yake nikafungua tena, kikanikataza. Kila nikitaka kukuchukia, kinanikalia mbele kama mzazi. Ile hirizi nimeivaa miezi sita, haijanikataza kitu hata siku moja. Inanifuata niendako tu, kama mbwa wa njaa. Sasa niambie, anayenikataza ni nani?"

Nilikumbuka nimeambiwa nisihubiri, na kwa kweli sikuwa na cha kuhubiri. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anahubiri, mimi nimeshika shoka.

Nikainama kukusanya kuni. Hapo shati langu likapanda mgongoni. Mama Shija akacheka, cheko fupi, la kwanza siku hiyo. Akanyoosha mkono akavuta uzi mweusi uliokuwa kiunoni mwangu.

"Na hiki nani anakushikia?"

Wadogo zangu, naliweka wazi kwa sababu nimestaafu. Bibi yangu alinifunga hirizi nikiwa na miaka mitano, nikakua nayo, ikawa kama kitovu. Niliwashuku watu wa vigingi kumi na viwili miaka mitatu, nikacheka nao, nikacheza nao, na yangu ilikuwa kiunoni kila Jumapili. Sikuwahi kulazimika kuivua. Kazi yangu ilikuwa kizingitini: si ndani ambako ningeivua, si nje ambako ningejulikana. Karani Filipo alikuwa na jiwe lake, mimi nilikuwa na kizingiti changu, na nawaambieni, jiwe lake lilikuwa na ukweli zaidi. Yeye alijua yuko nje.

Nilijibu kwa mzaha. Sikumbuki mzaha gani. Mama Shija hakucheka tena. Alisema tu kwamba Pasaka atakuja, kwamba hatakuwa na kitu cha kunipa mkononi, na kwamba asingependa kutazama nyuma akaniona nimekaa pale kama komeo la mlango.

Siku ya Pasaka alikuja asubuhi, nguo nyeupe ya kuazima imembana tumboni. Mwangaluka, akasema, nikaitika. Akanionyesha viganja vyake, vitupu, akapita. Kabla ya kuvuka kizingiti alishika mwimo wa mlango. Msidhani alikuwa shujaa. Alikuwa mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, ameacha ulinzi pekee ambao ukoo wa mumewe unaujua, na mtoto wa kwanza yuko kaburini. Kama jambo baya lingetokea, ukoo mzima ungesema ni yeye aliyeliita. Aliingia nalo hilo kichwani, akaingia.

Wimbo ulipoanza nilikaa kizingitini kama kawaida. Fimbo kumi na moja. Hirizi siku hiyo ilikuwa moja tu, ya yule mzee wa ng'ombe, aliyeitupa na kuiokota, tena ameifunga kwenye fimbo yake. Nikatazama ng'ambo, Karani yuko juu ya jiwe. Nikatazama ndani, Mama Shija yuko mbele, mgongo wake umenyooka, na nilijua anangoja muda wa kugeuka.

Nilivuta uzi mpaka ukakatika. Nikatundika hirizi yangu kwenye kigingi cha kumi na mbili. Nikaingia. Hakuna malaika aliyepiga tarumbeta. Nilikanyaga mguu wa mpishi aliyekuja na Padri wa kubatiza, akanitukana kimoyomoyo, niliona midomo. Mama Shija aligeuka, akaniona nimesimama. Kisha akainamisha kichwa, na maji yakamwagika.

Alibatizwa jina alilolitaka. Silitaji, si kazi ya mlinzi. Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata, ni wa kiume, analia kama parapanda, na sitawaambia kwamba alizaliwa salama kwa sababu mama yake alivua hirizi. Hiyo ingekuwa hirizi nyingine tu. Wako waliovua na wakazika. Punje ya Mabula haikuokolewa na nyundo. Iligongwa, ndipo ikajulikana.

Sasa jambo la mwisho, kisha mkacheze. Kule ndani nilisahau kwamba nimeacha mlango bila mtu. Muda wote wa sala fimbo za watu zilikuwa ukutani, na njia ile siku hizi inapitwa na wachimbaji wa kila namna. Nikatoka mbio kabla ya wengine.

Karani Filipo alikuwa amesimama kizingitini. Fimbo zote kumi na moja alikuwa amezikumbatia, kaptula yake nyeupe imechafuka, na alinigombeza kwa Kiswahili cha ofisini: kazi gani hii, mali za watu unaziacha kwa nani. Nikauliza alisimama pale tangu lini. Akasema tangu nilipoingia. Yaani alisikia yote, kwa sababu pale kizingitini, mimi najua, mtu husikia yote.

Tukazirudisha fimbo vigingini. Ikabaki hirizi yangu kwenye kigingi cha kumi na mbili.

"Na hii?" akauliza.

"Si yangu tena. Itupe tu, Karani. Wewe huamini."

Alinyoosha mkono. Akausimamisha. Akaushika uzi wake kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeshika mkia wa nge, akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akairudisha kigingini polepole, akafuta vidole kwenye kaptula.

"Itupe mwenyewe," akasema.

Niliitupa. Naye alibaki pale mlangoni mpaka mtu wa mwisho akatoka, akimpa kila mmoja fimbo yake, na hakukosea hata moja.